Giza la Nani? Ubena, Chuma na Umri wa Ulimwengu

Tarehe 20 Novemba 1835 jua lilipatwa juu ya mto Zambezi. Kundi kubwa la watu lilikuwa likivuka maji karibu na Zumbo: wapiganaji, wanawake, watoto, mateka na mifugo, wote wakimfuata Zwangendaba, kiongozi aliyelikimbia eneo la kusini baada ya vita vya Shaka Zulu. Masimulizi ya Wangoni, yaliyopokezanwa kwa mdomo, yanasema mchana uligeuka usiku wakiwa palepale mtoni. Hakukuwa na karani wa kuandika. Karne iliyofuata wanahistoria walilichukua simulizi hilo, wakaliweka kando ya hesabu za wanafalaki kuhusu njia ya kivuli cha mwezi, na tarehe ikajitokeza: siku, mwezi na mwaka.

Anayesoma historia ya kusini mwa Tanzania kabla ya wamisionari amezoea "mnamo" na "katika miaka ya". Huyu alitawala mnamo karne ya 18, yule alihama katika miaka ya 1860. Katikati ya makadirio hayo kuna tarehe moja isiyoyumba, nayo ililetwa na giza.

Zwangendaba alifia Ufipa katika miaka ya 1840, na wafuasi wake wakagawanyika. Tawi moja lilifika Songea, likajenga himaya, na kutoka huko vikosi vya Wangoni vikawa vinapanda mara kwa mara kwenye nyanda za juu za Wabena, nchi inayozunguka Njombe na Makambako ya leo. Kaskazini, Wahehe chini ya Munyigumba na baadaye mwanawe Mkwawa walikuwa wakiunganisha koo kuwa dola. Magharibi walikuwapo Wasangu wa Merere. Wabena, waliokuwa na tawala ndogondogo zisizo na mkubwa mmoja, walibanwa katikati. Wengine waliteremka bonde la Kilombero wakaanza maisha mapya ya mito na mpunga. Wengine walibaki kwenye baridi yao.

Waliobaki walihitaji pa kujificha. Katika kijiji cha Mlevela, si mbali na Makambako, upo msitu wa asili wa Nyumbanitu wenye mapango ndani yake. Wabena wanauheshimu kama mahali pa matambiko na pa asili yao, na wenyeji husimulia juu ya kuku weusi wanaoishi humo bila kuwa mali ya mtu yeyote. Husimulia pia jinsi mapango hayo yalivyowakinga watu wakati wa vita. Ukisimama mlangoni mwa pango, jua likiwa mgongoni, huoni kitu ndani. Aliyemo ndani, macho yake yakiwa yamezoea weusi, anakuona wewe kuanzia utosini hadi unyayoni. Kwa aliyekuwa akisakwa, giza hilo lilikuwa ngao, tena lilimpa faida ya kuona asikoonwa.

Muda si mrefu walifika wageni wa aina nyingine, wenye daftari. Mwaka 1877 balozi mdogo wa Uingereza aliyekuwa Msumbiji, J. Frederic Elton, alipita kutoka kaskazini mwa Ziwa Nyasa kuvuka milima kuelekea Usangu. Alifariki Ugogo Desemba mwaka huohuo, lakini jina lake lilibaki kwenye ramani kwa miaka mingi: uwanda wa Elton, ambao leo ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005. Mwaka 1879 alipita Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 21, akakatiza Uhehe na Ubena hadi Nyasa. Katikati ya safari hizo mbili, mwaka 1878, Henry Morton Stanley alichapisha London kitabu cha safari yake ya kulivuka bara kutoka Bagamoyo, akaliita bara zima la giza. Kitabu kilinunuliwa mno, na jina likakwama.

Halikukwama mitaani tu. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford, alitoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Sussex, ikarushwa na televisheni ya BBC. Humo alisema kwamba huenda siku moja kutakuwa na historia ya Afrika ya kufundishwa, lakini kwa wakati ule ilikuwapo historia ya Wazungu walio Afrika tu, na kilichosalia kilikuwa giza ambalo mwanahistoria hana la kufanya nalo. Tanganyika ilikuwa na miaka miwili ya uhuru. Chuo chake kikuu, kilichofunguliwa Oktoba 1961, kilikuwa kinaanzisha idara ya historia mwaka huohuo wa mihadhara.

Profesa huyo hakubuni tabia mpya. Ulaya ilikuwa imekwisha kujipaka weusi yenyewe. Katika karne ya 14 mshairi Petrarch wa Italia alitazama nyuma kwenye karne zilizofuata kuanguka kwa Roma, akaziona ni za giza kwa sababu hazikuandika Kilatini kizuri alichokipenda. Mwaka 1602 kardinali Caesar Baronius, akiandika historia ya Kanisa, aliiita karne ya 10 kuwa karne ya giza, na alitaja waziwazi moja ya sababu zake: waandishi walikuwa wachache. Hakudai kwamba watu hawakuishi, hawakulima wala hawakuoana. Alikuwa analalamika kwamba rafu zake za vitabu zilikuwa tupu.

Na rafu tupu za Roma hazikumaanisha kitu Isfahan. Mwaka 964, katikati ya karne hiyohiyo ya Baronius, Abd al-Rahman al-Sufi alikamilisha kitabu chake cha nyota, na ndani yake akataja wingu dogo hafifu ambalo leo linajulikana kuwa ni galaksi nzima, Andromeda. Al-Masudi alikuwa amekwisha kusafiri pwani ya Waswahili mnamo mwaka 916 na kuandika juu ya watu wake. Shanga, katika visiwa vya Lamu, palikuwa na msikiti, biashara na maziko ya Kiislamu, kama uchimbaji wa Mark Horton ulivyoonyesha miaka ya 1980. Ukiulizwa karne ya 10 ilikuwa ya giza au ya nuru, lazima kwanza uulize: kwa nani, na amesimama wapi?

Swali hilo linabadilika sura linapopelekwa angani, kwa sababu ulimwengu nao una zama zake za giza, na hizo hazikutokana na dharau ya mtu.

Tarehe 1 Septemba 2016, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, kivuli cha mwezi kilipita juu ya nyanda za kusini. Rujewa, makao makuu ya Mbarali, ilijaa wageni, wanafunzi na wapiga picha. Makambako na Njombe nazo zilikuwa ndani ya njia ya kivuli hicho. Mwezi ulifunika takriban asilimia 97 ya upana wa jua, ukabakiza pete nyembamba ya moto. Nuru ya pete ile ilikuwa imeondoka kwenye jua dakika nane zilizopita. Hapo ndipo msingi wa falaki yote ulipo: mwanga unachukua muda kufika, kwa hiyo kutazama mbali ni kutazama zamani. Kilimia, nyota ambazo kwa vizazi vingi zimewaambia wakulima wa Afrika Mashariki wakati wa kushika jembe, ziko umbali ambao mwanga huuvuka kwa miaka 440 hivi. Nuru ya Kilimia inayoonekana Njombe usiku wa leo iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, wakati ambapo hakuna mwandishi yeyote aliyekuwa amefika Ubena.

Ukizidi kwenda mbali unafika mahali ambapo nyota zinakwisha.

Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Mwanzoni ulikuwa wa moto mkali mno hata atomu hazikuweza kukaa pamoja. Elektroni zilizurura huru, na kila chembe ya mwanga iliyojaribu kusafiri iligongana nazo ikarushwa huku na huko. Dereva aliyewahi kushuka kutoka Njombe kwenda Makambako asubuhi ya Julai, taa zimewashwa na ukungu umetanda, anajua hali hiyo: mwanga upo tele, lakini hauendi popote. Baada ya miaka 380,000 hivi, joto lilishuka hadi nyuzi 3,000, elektroni zikashikwa na viini, atomu za haidrojeni na heli zikaumbika, na mwanga ukapata njia. Mwanga huo bado unasafiri. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, wanafalaki wa redio huko New Jersey, Marekani, waliunasa bila kuutafuta. Antena yao ilitoa mvumo usiokwisha. Walifagia hata kinyesi cha njiwa waliojenga kiota ndani yake, na mvumo haukuondoka. Wale waliokuwa na televisheni za zamani waliuona kila siku bila kuujua, kwa kuwa sehemu ndogo ya zile chenga za kioo, karibu asilimia moja, ilitoka huko.

Kisha giza likaingia. Mwanga ule wa kwanza ulififia, ukavutika, ukatoka kwenye rangi ambazo jicho linaziona. Hakukuwa na nyota hata moja ya kuchukua nafasi yake. Kulikuwa na haidrojeni, heli na chembe kidogo za lithi, zimetawanyika katika anga lisilo na taa. Wanafalaki wanauita muda huo zama za giza za ulimwengu, na jina hilo lilienea miaka ya 1990, akilitumia sana Mwingereza Martin Rees. Zilidumu miaka milioni 100, pengine 200, hadi nyota za kwanza zilipowaka.

Lakini zama hizo ziliumba kila kitu kilichofuata. Mahali palipokuwa na mata nyingi kidogo kuliko jirani yake palivuta zaidi, pakazidi kuwa pazito, pakavuta tena. Tofauti za mwanzo zilikuwa kama sehemu moja katika laki moja. Bila mwale wowote wa kuonyesha, mvutano ulisuka utando mkubwa wa nyuzi na mafundo ambao galaksi zote zimekaa juu yake hadi leo. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, inatazama ukingo ambapo giza hilo linakatika. Mwaka 2024 watafiti walitangaza galaksi iitwayo JADES-GS-z14-0, iliyokuwa inang'aa miaka milioni 290 tu baada ya mwanzo. Ilikuwa kubwa na angavu kuliko walivyotarajia. Kazi iliyoitengeneza ilikuwa imefanyika nyuma ya pazia.

Nyota za kwanza zilikuwa nzito na za maisha mafupi. Ndani yake haidrojeni ilichomwa kuwa heli, heli kuwa kaboni, kaboni kuwa oksijeni, na kuendelea hadi chuma. Zilipolipuka zilimwaga vitu hivyo angani, na nyota za baadaye zikaokota. Hakuna njia nyingine inayojulikana ya kupata chuma cha kutosha kujaza sayari. Katika zama za giza za ulimwengu hakukuwa na chuma cha kutengenezea hata sindano.

Njombe imekalia chuma kingi. Liganga, wilayani Ludewa, ina mashapo yanayokadiriwa kuwa tani milioni 126, na jirani yake ni makaa ya mawe ya Mchuchuma. Magharibi zaidi, Mbozi mkoani Songwe, kuna chuma kilichokuja moja kwa moja kutoka angani: kimondo chenye urefu wa karibu mita 3 na uzito unaokadiriwa kati ya tani 12 na 16, sehemu kubwa ikiwa chuma na kiasi cha nikeli. Wenyeji wa Mbozi walikuwa wakikijua. Vitabu, hata hivyo, vinaanza habari zake mwaka 1930, mpima ardhi W. H. Nott alipokiona, kana kwamba kabla ya hapo kilikuwa hakijaanguka.

Wapangwa wa Ludewa na Wakinga wa Makete walifua chuma muda mrefu kabla ya Elton kupita. Mabaki ya kazi hiyo ni mavi ya chuma: vipande vyeusi, vizito, vyenye matundu kama ya sifongo upande mmoja na upande mwingine uso laini ulioganda ukiwa bado unatiririka. Kipande kimoja kikivunjwa na kutazamwa kwa hadubini kinaeleza tanuru lilifika joto gani, udongo gani ulitumika na hewa iliingiaje. Edwinus Lyaya, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameuchunguza uhunzi wa Wapangwa, Wafipa na Wanyiha kwa njia hiyo. Wafipa, majirani wa kaskazini magharibi, walijenga matanuru marefu ya udongo kama mita 3, yanayovuta hewa yenyewe bila mivukuto, kisha wakalisafisha pande la chuma katika tanuru dogo la pili kabla halijafika kwa mhunzi. Hizo ni hatua tatu, kila moja na fundi, miiko na mafunzo yake. Jembe lililotoka humo lililima, liliuzwa mbali, na lilitumika kutoa mahari.

Mfano ulioshtua zaidi ulitoka Buhaya. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, ambao walikuwa hawajayeyusha chuma kwa miongo kadhaa, walikubali kujenga tanuru kwa kumbukumbu mbele ya Peter Schmidt na Donald Avery wa Marekani. Walichoma matete ya kinamasi hadi yakawa mkaa chini ya tanuru, wakaingiza mirija ya udongo ndani kabisa ili hewa ipate moto kabla haijafika kwenye makaa. Watafiti wakalinganisha matokeo na matanuru waliyochimbua hapohapo magharibi mwa Ziwa Nyanza, ya miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Mwaka 1978, katika jarida la Science, waliandika kwamba mafundi hao wa kale walikuwa wakitengeneza chuma cha pua. Tafsiri yao ya hewa iliyopashwa moto ilibishaniwa baadaye na wataalamu wengine, lakini matanuru yenyewe hayabishaniwi. Miaka hiyo ya kale ndiyo profesa wa Oxford alikuwa ameifungia mlango.

Hadi hapa mtu angeweza kusema kwamba giza la Ubena lilikuwa kosa la mtazamaji tu. Historia ya Njombe haikubali jibu rahisi hivyo, kwa sababu ina kipindi ambacho giza lilitengenezwa kwa mikono.

Wamisionari wa Kilutheri wa Berlin walifika kaskazini mwa Nyasa mwaka 1891, wakapanda Ubena. Kidugala ilianzishwa 1898, na Yakobi, jirani na Njombe, ikafuata. Julai 1905 vita vya Maji Maji vilianza Nandete, katika vilima vya Matumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjikitile Ngwale, aliyegawa dawa ya maji ya kugeuza risasi, alinyongwa Mohoro mapema Agosti. Habari zilipanda kutoka pwani na mabondeni hadi Ungoni, na Septemba zikafika nyanda za juu. Mtwa Mbeyela wa Njombe aliongoza Wabena kuishambulia misheni ya Yakobi. Ndani alikuwamo mmisionari Paul Gröschel na watu wachache wenye bunduki. Mikuki haikufua dafu.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko shambulio. Majeshi ya Kijerumani yaliteketeza vijiji, maghala na mashamba kutoka Ungoni hadi Ubena. Maofisa waliandika bila kuficha kwamba njaa ndiyo itakayomaliza vita. Mapema mwaka 1906 Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, na makumi ya wenzake walinyongwa Songea. Serikali ya kikoloni ilikiri vifo 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria Mtanzania, baadaye alikadiria kuwa ni kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa na maradhi. Maeneo yaliyobaki bila watu yaliingiliwa na pori, nyani na nguruwe.

Fikiria nini kilipotea kwenye ghala linaloungua. Ilikwenda mbegu ya mwaka ujao, na pamoja nayo alikwenda bibi ambaye ndiye pekee aliyejua jina la mahali ukoo ulikotoka. Mhunzi aliyekufa kwa njaa mwaka 1907 hakufundisha mtu, na majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalikuwa yamekwisha kuingia sokoni kuchukua nafasi ya yake. Kisha mwaka 1911 Gröschel alichapisha Ujerumani kitabu cha miaka kumi ya kazi yake. Kwa muda mrefu, aliyetaka kujua Yakobi palitokea nini alilazimika kusoma maneno ya mtu aliyekuwa ndani ya ukuta. Walioukimbilia ukuta huo kwa mikuki hawakuwa na mchapishaji.

Wanahistoria wa Dar es Salaam walilijua pengo hilo. Terence Ranger aliiongoza idara tangu 1963, na mwaka 1965 mji ulipokea mkutano wa kimataifa wa wanahistoria wa Afrika, miaka miwili tu baada ya mihadhara ya Sussex. Mwaka 1968 wanafunzi walitumwa kwenye maeneo ya vita, Ubena ukiwamo, kuwahoji wazee. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1905 alikuwa na miaka 73. Gwassa na John Iliffe walitoa mwaka huohuo kijitabu cha kumbukumbu za vita. Mwaka 1969 ikatoka historia ya Tanzania iliyohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu. Kijana aliyekwenda na kalamu kijijini mwaka 1968 alipata kile ambacho miaka 15 baadaye kingekuwa kimezikwa.

Wanafalaki nao wana shahidi wao wa giza, na ana sauti ndogo kupita kiasi. Atomu ya haidrojeni, hata ikiwa baridi na bila nyota jirani, hutoa au kufyonza mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21. Mholanzi Hendrik van de Hulst alilitabiri hilo mwaka 1944, na mwaka 1951 likapimwa. Mawimbi yaliyotoka zama za giza yamevutwa na kutanuka kwa ulimwengu, kwa hiyo hayafiki tena kwenye megahezi 1,420 yalikoanzia. Yale ya alfajiri ya nyota yanatarajiwa karibu na masafa ya FM au chini yake kidogo. Yale ya giza lenyewe yameshuka zaidi, mengi yakiangukia masafa mafupi, kwenye mkanda uleule ambao Wahehe na Wabena wa zamani waliutafuta jioni kwa redio ya betri ili kusikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza Juni 1957.

Tatizo ni kelele. Galaksi yetu inavuma kwenye masafa hayo kwa nguvu mara maelfu kuliko ishara inayotafutwa, na stesheni za FM zinamalizia. Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 2007 ya kuulinda ukimya wa redio wa Karoo, na huko ndiko ulikojengwa mtambo wa HERA wa madishi 350, kila moja la upana wa mita 14, kwa ajili ya ishara hiyo. China iliteremsha chombo Chang'e 4 upande wa mwezi usioielekea dunia tarehe 3 Januari 2019, na ndani yake kulikuwa na kipimo cha redio cha masafa ya chini. Popote wanapokaa, njia ni ileile. Wanapima kelele kwa makini, wanajifunza tabia yake, kisha wanaitoa kwenye hesabu na kuona kilichosalia. Mwaka 2018 kikundi cha EDGES, kilichotumia antena ya ukubwa wa meza katika jangwa la Australia, kilitangaza kuisikia alfajiri ya nyota kwenye megahezi 78. Dunia ya sayansi ilishangilia. Mwaka 2022 kikundi cha SARAS 3 cha India, kilichoelea na antena yake ziwani, hakikuiona ishara hiyo. Ubishi unaendelea.

Maji Maji nayo imepitia marekebisho ya aina hiyo. Usomaji wa miaka ya 1960, uliohitajiwa na taifa changa, uliona vita vya umoja vilivyoyatangulia mapambano ya uhuru ya chama cha TANU. Mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walihariri kitabu kilichoahidi, katika jina lake, kuondoa ukungu wa vita hivyo. Giblin, pamoja na Blandina Kaduma Giblin, alikuwa amekwisha kuchapisha mwaka 2005 historia ya familia za Njombe, iliyojengwa kwa mahojiano na karatasi za nyumbani. Monson alikuwa ameonyesha tangu 1998 kwamba katika nyanda za juu kila mtawala aliingia vitani, au alikaa nje, kwa kufuata mapatano na visasi vilivyohesabiwa tangu miaka ya 1870. Kitabu cha Gröschel hakikutupwa. Kilisomwa upya, woga na chuki vikiwekwa upande mmoja, na majina, njia na tarehe vikibakizwa upande mwingine.

Picha iliyotoka haina Ubena mmoja. Mbeyela aliishambulia Yakobi. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa Kilombero, ambao wazee wao waliteremka kutoka nyanda hizohizo, alipigana upande wa Wajerumani na akafa katika vita hivyo. Wabena wa Njombe na Wabena wa Kilombero walijikuta pande mbili za mstari mmoja mwaka 1905, kila upande ukiwa na sababu zilizoanza kabla Mjerumani wa kwanza hajakanyaga Iringa.